Jumatatu Niliyokataa Kupiga Kengele

Nakumbuka Jumatatu moja, binti yangu, nikiwa bado kijana, nikiuza intaneti na programu za ofisi katika kampuni moja kubwa ya teknolojia. Juzi wewe uliajiriwa kazi hiyo hiyo, ndiyo maana nimekuita tuketi.

Kila asubuhi nilitoka mtaani kwetu Kambi Muru na viatu vizuri mkononi kwa sababu ya matope, nikavivaa nikifika Ayany, penye lami. Na nilijua kuuza, sikudanganyi. Mteja aliyeniambia hana nafasi ndiye baadaye alikuwa akiniagizia chai.

Meneja wetu alikuwa na desturi yake. Kila Jumatatu aliyeuza zaidi alipiga kengele iliyotundikwa ukutani, tukamshangilia. Aliyeuza kidogo kabisa alisimamishwa mbele yetu aeleze ameshindwa kwa nini kufikia tageti, yaani kiasi cha mauzo tulichopangiwa. Watu wazima, wenye familia zao, walijitetea kama watoto wa shule.

Siku hiyo nilikuwa wa kwanza, na meneja alikuwa ameshaninong'oneza kwamba ningetangazwa kiongozi wa timu. Aliyesimamishwa alikuwa Kamau wa Kawangware, ambaye alikuwa ndio tu ametoka kumzika baba yake. Kamau huyo ndiye aliyenifunza kuongea na wateja nilipoingia pale, mgeni, naogopa hata kushika simu. Sasa alisimama akiangalia sakafu.

“Kamau, tageti haijui matanga,” meneja alimwambia. Kisha akanigeukia akitabasamu. “Akinyi, njoo upige kengele.”

Nilienda hadi ukutani, nikashika kamba. Nikamwangalia Kamau, nikaiachilia.

“Akae kwanza,” nikasema.

“Unasema?”

“Kamau akae. Amefiwa. Akishaketi nitapiga.”

Wenzangu wote wakainamia simu zao. Niliogopa sana, mama na wadogo zangu walitegemea mshahara wangu. Meneja akaniambia kama napenda kuhurumia watu nikatafute kazi kanisani. Nilibaki pale pale kando ya kengele. Tulikaa hivyo mpaka yeye mwenyewe akachoka.

“Kaa, Kamau. Tuendelee.”

Kamau akaketi, nami nikapiga kengele kama nilivyosema. Uongozi wa timu akapewa mtu mwingine.

Jioni nilimsimulia mama, nikijua atanigombeza. Alikuwa akipakua ugali na samaki wadogo wa omena. Akauliza tu, “Na huyo mtoto wa watu, aliketi?”

“Aliketi.”

“Basi umefanya kazi leo. Nawa mikono tule.”

Jumatatu iliyofuata hakuna aliyesimamishwa, wala ile iliyofuata. Meneja hakueleza, nasi hatukuuliza. Cheo nilikipata baadaye, chini ya mkubwa mwingine, na timu yangu iliongoza mara nyingi bila mtu kuaibishwa. Kamau alifungua duka lake la kompyuta Kawangware, na kwenye harusi yangu aliketi pamoja na kaka zangu. Nimeuza vitu vingi, mwanangu, lakini hiyo siku ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Basi nisikilize. Uza kwa bidii, usione haya kutaka kuwa wa kwanza. Tageti watakupa, na watakusumbua hata ukiwa ibadani, ifikishe ukiweza. Lakini usikubali kushangiliwa huku mwenzako anadhalilishwa kando yako. Utaogopa. Ongea hivyo hivyo, kwa heshima, maneno machache, na usikimbilie kurudi kwenye kiti chako.

Mungu akufungulie milango ya wateja, akupe ulimi mtamu na moyo shupavu panapofaa, na jasho lako lilishe nyumba yako kwa amani. Nenda, mama. Nenda ukauze.