Unene Nilioacha Kuuandika

Juzi asubuhi nilipigiwa simu kutoka Newala: yule fundi mwashi wa Mkunya amefariki. Tangu hapo situlii. Nimetoka uani, nimerudi ndani, chai imepoa mezani. Mke wangu akaniuliza, "Baba, una nini leo?" Nikamjibu sina kitu. Uongo mtupu! Nina kitu, na nimekibeba tangu miaka ile biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuingia mashambani kugombea korosho zetu.

Wakati huo saruji na bati vilikuwa vimejaa madukani Masasi, baada ya miaka ya kupanga foleni, na kila mtu alitaka cha kisasa. Mimi nilikuwa mchora ramani kijana, mwenye mdomo, kwenye mradi wa zahanati moja kule bondeni. Swali lilikuwa moja tu: tukarabati wodi ya wazazi ya zamani, yenye kuta nene za mawe, au tuibomoe tujenge ya tofali za saruji? Mhandisi wetu alikuja na kompyuta ya kukadiria joto la chumba, nami nikapewa kazi ya kuichorea wodi zote mbili. Ndani ya mashine ile ukuta ni mstari tu. Unene unauingiza mwenyewe, ukuta kwa ukuta, na ukishauingiza hesabu inachukua siku nzima. Kikao kilikuwa kesho yake. Mhandisi akasema niamue mwenyewe, nikaacha unene. Mashine ikazihesabu kuta zote kuwa nyembamba, ikatoa jibu kwamba wodi zote mbili joto lake ni sawa.

Fundi alikuwa ameitwa kukadiria ukarabati.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione hiyo ramani."

Aliitazama, akanivuta hadi kwenye dirisha la wodi ya zamani. Akalaza mkono wake pale chini ya dirisha, kiwiko kikiwa upande wa ndani. Vidole havikufika nje. Kisha akagusa karatasi yangu. "Na hapa nilaze wapi mkono?"

Nikacheka. "Hiyo ni hesabu, fundi."

"Haya. Lakini mwezi wa kumi, joto likishika, hazitalala hesabu humu. Binti yangu kaolewa kijiji hiki, atajifungulia hapa. Rudia, mwanangu, nakuomba."

Nilimwambia nitarudia. Sikurudia.

Kikao kikaona joto ni lile lile, kikachagua ya kisasa, na wodi ikabomolewa. Mpya ikasimama, nyeupe, nzuri kwa kupigia picha. Mwezi wa kumi ulipofika nilitumwa kuikagua, nikawakuta kina mama wamehamia barazani na vichanga vyao, binti wa fundi akiwa mmoja wao, anampepea mtoto kwa kipande cha boksi. Fundi mwenyewe alikuwa upande wa magharibi, unaopigwa na jua la mchana, anajenga ukuta wa pili kuukumbatia ule wa kwanza, wala hakuna aliyemtuma. Mwenyekiti wa kijiji akauliza mbele yetu sote, kosa hili ni la nani? Fundi alijua ni langu. Akasema, "Jua la mwaka huu limezidi," kisha akanikabidhi mwiko. "Shika huku, mwanangu."

Sisemi kurahisisha ni dhambi. Hakuna hesabu inayobeba kila kitu. Ila nachukia nikikumbuka tulivyokuwa wepesi miaka ile kufuta tusichokielewa na kukiita cha kizamani. Waliopanga soko nao walimchora mkulima kwa mstari mmoja, muuzaji tu, kama vile hana mgonjwa ndani wala mtoto wa shule. Na mimi nani niwaseme?

Jana nikitoka kuzika nilipitia zahanati. Nikalaza mkono kwenye dirisha la magharibi, kiwiko ndani. Vidole havikufika nje. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, na ndani mama mmoja amelala fofofo na kichanga chake. Miaka yote hii nilikuwa nasubiri nafasi nzuri ya kumwambia fundi anisamehe. Wewe msomaji, unapoamua cha kuacha, kwanza uliza nani atalala humo ndani. Na kama ulishakosea, nenda leo kwa uliyemkosea, angali anaweza kukujibu.