Magoti ya Mama Mianda

Mwaka ule wa sabini na tano, parokia yetu ya Musonoi iliingia katika novena ya Pentekoste, sala ya siku tisa, pamoja na parokia zote za jimbo: jioni ileile, sala ileile, kila cité, yaani kila mtaa, na kikundi chake. Sisi wa nyumba za kampuni ya mgodi tulikutana uani kwa Mama Mukalay, mwuza makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Kikundi chetu kilikuwa na desturi yake: hakuna kujiombea. Unamnong'oneza mwenzako haja yako, na yeye ndiye anayeitamka mbele ya watu kila jioni hadi mwisho. Desturi nzuri, ila inakulazimisha kufungua mdomo.

Mama Mianda, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alipangwa pamoja na Mama Mukalay. Haja yake niliijua, maana kuta zile hazifichi hata kikohozi. Binti yake Ndaya alikuwa amempenda Alfani, dereva wa lori, Mwislamu mpole kabisa. Mianda alimfukuza binti huyo kwa maneno makali, vijana wakaenda kuishi mji wa mbali wa Kasaji, naye akautangazia mtaa kwamba Ndaya yuko Lubumbashi kwa shangazi, anajifunza kushona. Tangu Noeli hakupata habari zake. Mchana, mumewe Tshimanga akiwa mgodini, alilia jikoni, nami nilijifanya kiziwi.

Basi siku ya kwanza akainama sikioni mwa Mama Mukalay, maneno yakamkwama, akasema anaumwa magoti.

Mama Mukalay hakujua kufanya jambo nusunusu. Aliyaombea magoti yale hadi jasho likamtoka. Kesho yake mtu akaleta majani ya kukandia, mwingine mafuta ya mawese. Mianda akawekewa kiti, akakatazwa kupiga magoti nasi. Mwanamke huyo, ambaye hupanda kilima na ndoo ya maji kichwani bila kupumzika, ikambidi achechemee hadi sokoni. Nilicheka sana, lakini kicheko kiliniisha nilipomwona jioni pale kitini, uso umemnyauka. Jimbo zima lilikuwa linasali, na mtoto wake hakuwamo katika ombi la mtu yeyote. Nilimwonea huruma, na pia nilimkasirikia.

Jioni ya mwisho, Mama Mukalay alipoanza tu kuyataja magoti, Mianda alishuka kitini akapiga magoti juu ya saruji. Vigelegele vikapasuka. Mmoja akaanzisha wimbo wa shukrani, na kusema kweli njia ya kutokea ilikuwa wazi: angenyamaza tu, angerudi nyumbani akiwa mtu aliyeponywa. Akainua mkono mpaka wimbo ukakatika.

"Bamama, magoti yangu iko muzima, haikukuwa na bugonjwa," akasema. "Ni Ndaya. Haiko ku Lubumbashi. Mi mwenyewe nilimufukuza, aende na Alfani wake, na sijue kama angali muzima."

Nilimwogopa Mama Mukalay, maana alikuwa amemaliza pumzi zake kwa ajili ya magoti mazima. Akafungua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya kwa nguvu kama anavyofanya asubuhi kabla ya kubeba samaki wake.

"Novena ya magoti imeisha," akasema. "Kesho tunaanza ya Ndaya."

Mtu akakumbusha kwamba kesho ni Pentekoste yenyewe na jimbo zima linamaliza. Mama Mukalay akajibu kwamba jimbo lina ruhusa ya kupumzika.

Kesho yake, baada ya misa, tulirudi uani. Kiti kilikuwa kimerudishwa ndani. Mianda alipiga magoti pamoja nasi, na Mama Mukalay akalitaja jina la Ndaya kwa sauti iliyofika barabarani. Kisha, bila kuombwa, akaongeza la Alfani. Mianda alikawia kidogo, halafu akaitikia amina kwa yote mawili.