Nilimharibia Mama Kioko kazi ya mlingoti

Nakubali, mimi ndiye mwenye makosa. Msinitafutie kisingizio, maana nimeshajitafutia vya kutosha na vyote vimekataa kukaa.

Mimi ni fundi wa chuma hapa Kariobangi. Kibanda nashiriki na mama mmoja, nitamwita Mama Kioko. Kuchomelea stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu, nilimfundisha mimi. Tukawa kama ndugu, chai tunakunywa kwa thamosi moja.

Shida ilianza wateja wangu walipoanza kumuulizia yeye. Mtu anafika, ananisalimia vizuri, halafu anauliza, "Na yule mama yuko?" Wueh! Nilikuwa nacheka, lakini ndani nachemka.

Kuna mwalimu mstaafu wa Buruburu. Geti lake nilitengeneza mimi, na madirisha yote. Huyu mzee ana mashua ndogo ya tanga, huikokota kwa gari mpaka Ziwa Naivasha. Siku moja akaja na mlingoti umefungwa juu ya gari, akanipita nimesimama pale na miwani ya kuchomelea kichwani, akaenda moja kwa moja kwa Mama Kioko.

Alitaka afungiwe kishikio pale kileleni, cha kuning'iniza kapi. Kamba ingepita kwenye hilo kapi kupandisha tanga la ziada, lile kubwa linalovimba mbele ya mashua. Mama Kioko hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Hata mimi sikuwa nimewahi. Lakini alikata mfano wa kadibodi kwanza, akaupima kwenye mlingoti mara tatu, akamweleza mzee kwamba kapi lazima litokeze mbele ya waya unaoshikilia mlingoti, la sivyo kamba itasuguana nao mpaka ikatike. Mzee akaniangalia akasema huyu mama ana akili ya injinia. Aliniambia mimi, mwalimu wake!

Siku hiyo chakula kilinishinda.

Kishikio kilitoka kizuri, siwezi kudanganya. Alikuwa amenunua bolti nne za stenlesi, akaziweka kwenye kifuniko cha mkebe wa rangi, akaenda dukani kutafuta drili ya saizi ndogo. Nilichukua bolti mbili za chuma cha kawaida kutoka kwa vyuma chakavu. Nyuzi zake za kukazia nati zilikuwa zimeanza kulika, na nilijua. Nikazing'arisha kwa mashine mpaka zikafanana na zile zingine, nikabadilisha.

Nilitaka tu zishike kutu. Mzee aone michirizi ya rangi ya chai kwenye mlingoti wake, amnunie, arudi kwangu. Basi.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma. Hapa kwetu kazi haitoki kabla fundi mwenzako hajaikagua. Anapitisha sumaku, maana chuma cha kawaida kitanasa na stenlesi hainasi, anavuta, anagonga. Ni sheria yetu wenyewe, na hiyo pia nilimfundisha mimi. Alipomaliza kufunga akaniita, "Baba Shiru, hebu niangalilie, macho yangu yamechoka."

Nilikuwa na sumaku mfukoni. Sikuitoa. Niligonga mara mbili, nikamwambia iko sawa kabisa. Akashukuru.

Wiki kadhaa zikapita. Halafu mzee akaenda ziwani siku ya upepo, tanga likajaa, na zile bolti zangu zikaachia, na mbili zilizobaki zikang'oka. Kishikio na kapi lake vikashuka kutoka juu vikampiga begani. Mfupa ukavunjika. Ingekuwa kichwa, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Mwanawe alikuja kibandani na hasira zake. Mama Kioko alisimama mbele yake analia, hakujitetea. Mimi nilijifanya natafuta kitu chini ya meza. Huyo kijana alipouliza ni nani alikagua, nilijua nimekwisha. Mama Kioko akasema, "Alikagua Baba Shiru, na yeye hapitishi kazi mbaya. Kwa hivyo nilikosea mimi nikifunga."

Jamani!

Tangu siku hiyo hajagusa stenlesi. Anasema mkono wake umeingia woga. Anakunja bati tu, anatengeneza majiko na mikebe ya kuchotea nafaka. Wateja wote wamerudi kwangu, vile nilivyotaka. Nikiwasha mashine ya kuchomelea anageuza uso, eti mwanga unamuumiza.

Juzi amekuja mtu na kazi kubwa ya reli za ngazi, amemtafuta yeye kwa jina. Mama Kioko akamleta kwangu amemshika mkono, akamwambia Baba Shiru hawezi kumdanganya mteja. Na ile kazi nikaichukua.

Wewe unayemwonea mwenzako wivu kazini, nakusihi, gombana naye. Mnunie, hama kibanda, mwambie wazi kwamba unaumia akisifiwa. Atakasirika na yataisha. Usiguse kazi yake, maana hutajua itamwangukia nani, na ukishanyamaza siku ya kwanza, siku ya pili mdomo ni mzito zaidi. Mimi nimeshindwa mpaka leo.

Hata sasa yuko hapa, hatua tatu kutoka nilipokaa. Ameniuliza nani huyo ninayemwandikia kwa simu muda wote huu. Nimemwambia ni mteja.