Trekta la Baba Lilivyopita Kando ya Kaburi

Mnunuzi kutoka Nshamba alikuja na maswali kama mtu anayeposa. Nikamjibu yote, maana trekta lile nalijua kuliko ninavyowajua mashemeji zangu. Silinda tatu, dizeli, nguvu za farasi arobaini na kitu. Gia sita za mbele, mbili za nyuma. Mikono ya kunyanyulia jembe bado inanyanyua. Breki zinavuta kushoto, sikumficha. Mita ya saa ilikufa zamani, kwa hiyo limefanya kazi kiasi gani, amuulize Mungu.

Baba alilimia rweya, yale majani ya wazi nje ya migomba. Siku hizi rweya yote imepandwa misonobari, hakuna pa kupitisha jembe. Na kibanjani, humu kwenye shamba la nyumbani, trekta halilimi: kuna migomba, kahawa, na watu wetu waliolala humo. Tangu baba afariki lilikaa bandani, kuku wakitagia kwenye kiti. Wadogo zangu wakaamua liuzwe, paa la nyumba ya mama linavuja. Mama alisema yeye atatega mabeseni, trekta waliache. Nani alimsikiliza? Hata mimi sikumsikiliza.

Siku ya kulitoa ndipo tukaona maajabu yetu. Wakati wa msiba tulimchimbia baba kaburi kati ya banda na barabara. Ukoo mzima ulisimama pale, na hakuna aliyekumbuka kwamba lile dude litahitaji njia. Huku kaburi la saruji, huku mibuni ya bibi. Nilikasirika mpaka nikakosa wa kumgombeza.

Fundi akasema magurudumu yanasogezwa ndani lipate kupita: ekseli ya mbele ina matundu ya kuipunguza upana, rimu za nyuma zinageuzwa. Yeye na wasaidizi wake walishinda wakihangaika na boliti zenye kutu. Mama alisimama kando ya kaburi, kisha akaniambia, "Mwambie apite taratibu. Mwenyewe amelala."

Likawaka. Likapita, tairi likikwaruza saruji kidogo, likashika barabara. Nikamtafuta mama nimshike mkono, nikamkuta jikoni. Alikuwa amebandika sufuria kubwa ya maji ya kuoga, kama alivyobandika kila jioni miaka yote akisikia injini ya mumewe. Aliponiona akagutuka, akautazama moto.

"Mkono wenyewe umebandika," akasema.

Nililia, jamani, kuliko siku ya mazishi.