Kadi ya Carew

Sina subira na watu wanaozungukazunguka, kwa hiyo naanza na langu: kadi ya mume wangu Laurean niliiharibu mimi, Dafrosa, kwa mikono yangu.

Laurean anafanya kazi maabara, hospitalini Minneapolis, Marekani. Alipokuja kusoma hakuwa na rafiki. Mzee mmoja aliyekuwa akiosha naye vyombo jikoni chuoni ndiye aliyemsimulia habari za Rod Carew, mchezaji wa besiboli wa timu ya hapa, aliyezaliwa ndani ya treni huko Panama, akawa mpigaji bora wa ligi yake mara saba. Hakutegemea nguvu, mpira aliupeleka pale pasipo na mtu. Laurean akilisimulia hilo utadhani anamsifu kaka yake. Kadi ya Carew ya mwaka 1969, kikaratasi kigumu chenye picha yake ambacho mashabiki hukikusanya, Laurean aliitafuta miaka minne, na tangu aipate hajawahi kuigusa kabla ya kunawa mikono. Mimi na binti yetu Doris haturuhusiwi hata kuisogelea.

Machi, theluji ilipoyeyuka, maji yaliingia chumba cha chini cha nyumba yetu hapa Lakeville. Niliyaokoa maboksi yote, pamoja na lile la kadi. Kadi haikulowa, lakini hofu iliniingia. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu Karagwe, na kwetu cheti cha ubatizo, cha shule, cha ndoa, vyote vilipigwa laminesheni, vikafunikwa plastiki, mende na maji visivipate. Basi nikaichukua kadi mpaka shuleni ninapofanya kazi, nikaipitisha kwenye mashine. Ikatoka inang'aa. Nikajiona mjanja kweli.

Jumamosi akaja Alvin, Mkenya wa Blaine, mkusanyaji kadi mwenzake Laurean, ili waende pamoja kwenye maonyesho ya kadi. Laurean alikuwa bado njiani kutoka zamu. Nikamwonyesha Alvin kadi kwa maringo. Akaigeuza mbele na nyuma.

"Shemeji, hii imeisha," akasema. "Plastiki ikishashika haitoki. Ukiibandua, sura inabaki kwa plastiki."

Nikamnyang'anya kadi.

"Mwambie ni maji yaliiharibu," akanong'ona. "Nita-support."

Nilikasirika, si naye, na nafsi yangu, maana nilitamani kukubali. Laurean angeniamini, hajawahi kunishuku kwa lolote. Mlango wa gereji ukaanza kuguruma. Nikamsikia anafuta viatu. Alvin akaninyooshea mkono nimpe kadi aifiche. Nikaiweka mezani.

"Baba Doris, nimeipiga laminesheni. Ni mimi."

Alisimama na koti lake, akaitazama. Kisha akaichukua hivyohivyo, bila kunawa mikono, akaitia mfukoni kama risiti ya dukani. "Twende," akamwambia Alvin. Afadhali angenitukana.

Siku tisa alinijibu ndiyo na hapana tu. Kadi aliibana kwa sumaku kwenye friji, kando ya ratiba ya takataka, na kila nilipofuata maziwa roho iliniuma. Nilimkosea, na sikuwa na cha kurekebisha.

Jana, baada ya chakula, nikasikia maji yanamwagika sinki. Laurean alikuwa ananawa kwa sabuni, taratibu, kidole kwa kidole. Akajifuta, akaitoa kadi kwenye friji, akaishika pembeni kwa vidole viwili.

"Mama Doris," akasema, "nawa mikono uje."

Nilinawa mpaka kwenye viwiko.