Mama Mkwe na Bango la Mji

Mume wangu ana kazi ambayo nikiitaja watu hudhani nawatania: anahamisha bango la KARIBU MJINI. Mji wetu huu wa pwani haujui kutulia. Kila ukimeza mashamba mengine, ofisi humtuma aling'oe bango, alipakie kwenye pikapu, akalisimike mbele zaidi. Nyuma yake limeandikwa KWAHERI. Kuna siku alikosea upande, wageni wakaagwa kabla hawajaingia.

Sasa mama yake. Mama mkwe ameapa hataishi mjini, na anachokiamini ni bango tu. Hujenga hapo hapo nje yake. Likimfuata, anafunga virago. Na anayemhamisha ni nani? Mwanawe huyo huyo, kwa pikapu ile ile: anashusha bango, anapakia kitanda. Mimi nakaa nyuma nimekumbatia masufuria, nimenuna, maana najua kinachofuata ni kuchimba choo kingine.

Juzi ofisi ikaamua mji ufike ufukweni. Mama mkwe alikuwa na vyumba viwili pale mchangani, na mbele yake ni maji matupu. Mtu mzima yule ahamie wapi, kwa papa?

Tulimkuta keshakunja godoro. Mume wangu akazunguka na futi yake, akapima huku na kule kama fundi aliyepotewa na ramani.

"Mama, nitalisimika katikati ya ua," akasema. "Utapika mjini, utalala nje ya mji."

"Na choo?"

"Choo kiko mpakani."

Mbavu ziliniuma kwa kicheko. Mama mkwe hakucheka. Alikaa juu ya godoro akilitazama bango.

"Likishasimama hapa litahamia wapi tena?"

"Haliendi popote. Kazi yangu ya huku imekwisha."

"Basi utakuja kwangu kufanya nini?"

Mume wangu akachukua sululu, akaanza kuchimba shimo. Akalisimika bango, KARIBU likiwatazama samaki, tukaondoka. Nami nilimwonea mume wangu huruma, ingawa bado nilikuwa na hasira naye kwa vyoo vyote tulivyochimba.

Jumapili tukaenda kumwona, mara ya kwanza bila kazi ya kuhamisha. Mama mkwe alitoka, akaizunguka pikapu, akachungulia nyuma. Hakuona bango wala sululu. Akarudi, akashika fremu ya mlango.

"Niambieni tu," akasema. "Nani amekufa?"