Siku Niliyojilinganisha na Wafalme wa Hispania

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Mengine nimejifundisha mwenyewe. Nilifika Minneapolis, Marekani, nikaanza kwa kupiga deki hospitalini, na leo nina magari matatu yanayopeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu. Sijamwomba mtu. Nasema haya ujue aliyekosea ni mtu wa namna gani, maana mjinga angekosea akasamehewa.

Nilikuwa nimempa kaka yangu wa Tanga ahadi: binti yangu ataolewa na mwanawe. Kwetu si jambo geni. Baba na mama yangu walikuwa watoto wa ndugu wawili, na mke wangu ni mtoto wa ami yangu, ndugu wa baba. Shamba halitoki nje, siri haitoki nje. Sheria ya hapa Minnesota hairuhusu, najua, lakini ndoa ingefungwa Tanga. Ilibaki tarehe tu, na kaka angepiga simu Jumapili saa saba mchana, kwao isha imekwisha.

Binti alikataa. Ana miaka ishirini na sita, anafanya kazi maabara ya hospitali huko Saint Paul. Alisema tarehe ikitajwa tu, anahama nyumba, na salamu yake nisiitegemee.

Wiki ile nilikuwa namsubiri mgonjwa mahali penye televisheni. Wakaonyesha wafalme wa zamani wa Ulaya. Wafalme hasa, si hawa wa siku hizi wa kukata utepe. Wao walisema kichwa kiondoke, kikaondoka. Na wa Hispania walioana wao kwa wao, kizazi hadi kizazi, ili nchi zao zisitoke mkononi. Mgonjwa akatoka kipindi kimefika nusu, nikamshika mkono tukaenda. Lakini hiyo nusu niliiona inanitosha.

Jumapili ikafika, mtaani kwetu Hopkins kote theluji, pilau mezani. Nikasema, "Hata wafalme wa Hispania walioana ndugu. Nyinyi mnajiona nani?"

Mke wangu akaendelea kutoa iliki kwenye sahani yake. Binti akaweka kijiko chini. Akiwa na furaha huyu huongea Kiingereza. Akikasirika, Kiswahili chake hunyooka kama cha bibi yake.

"Baba, ile familia iliishaje?"

"Iliishaje vipi? Walitawala!"

"Nauliza iliishaje."

Sikujua. Akatafuta picha kwenye simu, akaniwekea mbele. Mwanamume mweupe kama mshumaa, nguo nyeusi, kidevu kimetangulia kama droo iliyoachwa wazi.

"Huyu ndiye wa mwisho. Baba yake alimwoa mtoto wa dada yake. Meno yake hayakukutana, hata kutafuna ni shida. Alioa mara mbili, hakupata mtoto. Alipokufa, wenzake wa Ulaya wakapigana miaka na miaka kugombea kiti chake."

"Mtoto wa dada! Astaghfirullahi. Kwetu hiyo ni haramu. Usinifananishe nao."

"Umejifananisha mwenyewe, baba."

Mke wangu akacheka puani. Nikamtazama, akarudia iliki zake.

"Na watu wote wale, hakuna aliyemwambia baba yake?" Sijui kwa nini niliuliza.

"Nani amwambie? Ndiye mfalme. Wewe unaambiwa?"

Saa ilikuwa saba kasoro dakika kumi. Binti akachukua bahasha, akaigeuza, akachora ukoo wetu: yeye chini, mimi na mama yake juu yake, kisha babu na bibi, kisha wazazi wao. Palipotakiwa watu wanane nilihesabu sita. Nikahesabu tena. Mistari ilikuwa inarudi palepale.

Hapo mke wangu akajifuta mikono, akachukua kalamu. Pembeni ya jina la binti akatia nukta mbili.

"Na hawa waandikwe," alisema.

Wanetu wawili wa kiume, tuliowazika Tanga hata mwaka hawajatimiza. Nilisema ni kazi ya Mungu, na ni kazi ya Mungu. Lakini mezani kwangu hakuna aliyewahi kuwataja.

"Nilimwuliza mama yako kama ni kwa sababu ya damu yetu moja," mke wangu akasema bila kunitazama. "Akaniambia ninyamaze, usije ukasikia."

Simu ikaita. Uso wa kaka ukajaa kwenye kioo, kofia kichwani, anacheka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Haya, lete tarehe!"

"Hakuna tarehe. Narudisha neno langu."

Kicheko kikamwishia taratibu. "Binti kakupanda kichwani? Huko Marekani watoto ndio baba?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo. Ningesema ni yeye, na kaka angenionea huruma. Binti alikuwa ananiangalia, mkono umeshika ukingo wa meza.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilikosea toka mwanzo."

"Mimi nimeshatangaza msikitini! Nikawaambie nini watu?"

"Waambie mdogo wako amekosea."

"Sina mdogo." Simu ikakatika.

Binti akachukua sahani yangu, akanipakulia tena. Pilau ilikuwa imepoa. Nikaila yote.

Kila Ijumaa nampigia kaka. Inaita mpaka inachoka yenyewe.